Tusimkatie mtoto safari darasa la kwanza

Rasi ya Fumba, kusini magharibi ya Unguja, inabadilika kwa kasi ambayo sijaiona sehemu nyingine ya kisiwa hiki. Ukitoka uwanja wa ndege ukaishika barabara ya Fumba, unakutana na mji mpya Nyamanzi: majumba ya ghorofa, maduka, vibao vya kuuza nyumba ambazo bado hazijamalizika. Ukiendelea mbele hadi Bweleo na Fumba yenyewe, akina mama wanashuka pwani kama kawaida maji yakitoka, wanatazama chaza na mwani wao, na watoto wanarudi kutoka chuoni na juzuu zao mkononi. Wote hao ni wakaazi wa rasi moja.

Anayenunua nyumba katika mji mpya huuliza mapema sana habari ya skuli. Anataka darasa lenye watoto wachache, mwalimu anayemjua mtoto wake kwa jina na kwa tabia, masomo yenye michezo na maswali, na kama mtoto ana tatizo la kuona au la kusema, awepo mtu wa kumsaidia. Ana haki ya kuyataka hayo yote na simlaumu. Ninachokisema katika makala hii ni kwamba jirani yake wa Bweleo ana haki hiyo hiyo, na kwamba elimu inayomzingatia mtoto, elimu inayompokea kila mtoto alivyo, haifai kuwa sehemu ya bei ya nyumba.

Kwa Zanzibar dai hili si geni. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya siku ile, asili ya mtoto na mfuko wa baba yake ndivyo vilivyoamua asome wapi na afike wapi. Tamko lile liliufungua mlango wa skuli, na kila Septemba tunaliadhimisha kwa gwaride na michezo. Lakini yanayotokea mtoto akishaingia ndani hayawezi kuamuliwa na tamko. Mtoto anaweza kuandikishwa, akashonewa sare, akahudhuria miaka yote sita ya msingi, na mafunzo yasimfikie kwa sababu hasikii, haoni ubao, hafahamu lugha, au anaogopa.

Wazanzibari wenye ulemavu na wazazi wao waliliona hilo mapema. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulianzishwa 1985. Jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ikaja kusukuma jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: mtoto mwenye ulemavu wa akili asome katika skuli ya kijijini kwake, pamoja na ndugu zake na wenziwe wa mtaani. Katikati ya miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ikaanza majaribio ya elimu mjumuisho katika skuli za kawaida, ikaunda kitengo chake na kuwafundisha walimu washauri. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na 2022 ikaja sheria mpya mahali pake. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni ya 2011. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinaitaka serikali isimtoe mtoto yeyote katika mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Nionavyo mimi, kilichotukwamisha ni kuigawa kazi moja mafungu mawili. Elimu mjumuisho tumeiweka kwenye faili la ulemavu, na pamoja nayo semina zake, mfadhili wake na takwimu zake. Elimu inayomzingatia mtoto tumeiweka kwenye faili la mtaala na kuipa semina nyingine. Mwalimu wa darasa la kwanza anaitwa kwenye semina zote mbili, anarudi na vyeti viwili, na Jumatatu anaingia darasani, anaandika ubaoni, watoto wananakili. Wala si mvivu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja: mwalimu asiyeweza kumfikia mtoto mkimya wa safu ya nyuma, mwenye macho na masikio mazima, hatoweza kumfikia mtoto kiziwi hata akijengewa kitengo chenye rangi nzuri.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ujuzi huo tunao hapa hapa pwani. Mwaka 1986, Mombasa, ulianza mpango wa Madrasa wa elimu ya watoto wadogo kwa msaada wa Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan. Viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walikuwa wakilalamika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma: wakienda chuoni wanapata dini lakini wakifika skuli hawako tayari, na wakipelekwa nasari za mjini wanapoteza mila zao. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Muhashamy-Said, akaishika kazi hiyo. Akazunguka kwa wazazi na masheikh, mtaa kwa mtaa, akiwauliza wanataka mtoto wao awe nani. Mpango ukafika Zanzibar 1990, na Uganda 1993.

Ukiingia katika darasa la maandalizi la mpango ule ungekuta mambo ambayo leo tunayasikia kwenye mikutano mikubwa kama kwamba ni mageni. Chumba kimegawanywa pembe: pembe ya nyumba, pembe ya vitabu, pembe ya kujenga, pembe ya duka. Vifaa ni vifuu, makombe, kokwa za embe, vizibo vya chupa, vitambaa vya kanga vilivyochakaa. Mtoto anasema anataka kufanya nini, anakifanya, kisha anawasimulia wenziwe alichokifanya. Siku inaanza kwa dua na inaendelea kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Kamati ya wazazi ndiyo inayoisimamia skuli, ndiyo inayoezeka paa likivuja. 

Kisha katika miaka ya 2000 likaja jambo jingine la kwetu: Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TuTu. Ulikuwa mpango wa masomo kwa redio kwa watoto ambao kijiji chao hakina skuli ya maandalizi. Mlezi, mara nyingi dada wa kijijini mwenye elimu ya kiasi, anawakusanya watoto barazani au chini ya mwembe na kufungua redio. Sauti ya redioni inauliza swali, inanyamaza, inawangoja watoto wajibu, inawaambia waruke, wahesabu, waguse pua zao. Redio inamngoja mtoto ajibu! Nawajua walimu wazuri wenye vyeti ambao hawangoji sekunde tano baada ya kuuliza swali.

Sasa mchukue mtoto aliyepita kwenye malezi kama hayo umpeleke darasa la kwanza. Juzi alikuwa akipanga vizibo akisema "hivi ni vingi kuliko hivi", leo amekaa kwenye deski na wenziwe wanne, au sakafuni, mikono imefungwa, anaitikia kwa pamoja. Jana akiulizwa anataka kufanya nini, leo akiuliza anaambiwa anapiga kelele. Miaka miwili ya maandalizi, ambayo Sera ya Elimu ya 2006 iliiingiza rasmi katika mfumo wetu, inakatika pale pale mlangoni. Anayeumia zaidi ni yule ambaye mchezo ndio uliokuwa njia yake pekee: mtoto mwenye uelewa wa taratibu, asiyetulia, asiyesikia vizuri. Maandalizi alikuwa mtoto kama wengine. Darasa la kwanza anakuwa "mzito". Hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Darasa ndilo lililobadilika.

Nilitazame darasa moja kwa karibu, maana mambo haya yakisemwa kwa jumla yanakuwa hotuba. Somo ni kutoa, darasa la pili. Katika skuli za rasi hii makombe hayanunuliwi. Kila mtoto anaweza kuja na kiganja kizima kutoka pwani. Mwalimu anawakalisha wanne wanne na kila kundi linapewa makombe ishirini. "Mama alikuwa na chaza ishirini kwenye tenga, saba wamekufa. Amebakiwa na wangapi?" Asiyeona anayahesabu kwa kuyagusa. Asiyesikia anayaona yakitolewa moja moja na anaona vidole vya mwalimu. Mwenye kufahamu taratibu anayatoa kwa mkono wake, akikosea anayarudisha na kuanza tena bila ya kuchekwa na darasa zima. Aliyemaliza kabla ya wenziwe anaambiwa atunge hesabu nyingine ampe jirani yake. Ndani ya dakika kumi kila mtoto amefanya hesabu, na mwalimu, akizunguka baina ya makundi, ameshajua nani hakufahamu na amekwama wapi. Hakutumia kifaa chochote cha mfadhili, na wala hakufanya somo moja la walemavu na jingine la wazima.

Watoto wa Fumba wana hesabu nyingine ambayo skuli haijawahi kuwauliza. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba maji yanachelewa kila siku, karibu dakika 50 kuliko jana, na kwamba mwezi ukipevuka baba yake atatoka saa fulani. Hiyo ni hesabu ya wakati, ni jiografia, ni sayansi ya mwezi na bahari, naye anayo kabla ya kushika kalamu. Ghuba ya Menai iliyo mbele ya kijiji ni eneo la hifadhi tangu 1997. Mtoto anajua kwa nini nyavu fulani zimekatazwa, kwa sababu amewasikia wakubwa wakibishana. Mtu anayesema mtoto huyo "hana msingi" hajamuuliza chochote.

Mambo mengine ni madogo kiasi kwamba tunaona haya kuyaandika kwenye sera. Mwalimu anayesema huku ameugeukia ubao anamfungia mlango mtoto anayesoma midomo. Dirisha lililo nyuma ya mwalimu linamtia giza usoni, na mtoto mwenye uoni hafifu haambulii kitu. Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha kila msimu wa mvua anapoteza usikivu kidogo kidogo, na nyumbani na skuli wote wanasema ni mtundu, haitikii akiitwa. Jambo la kwanza analoweza kulifanya mwalimu ni kusimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya kawaida, kisha kumwambia mzazi ampeleke kituo cha afya. Mengi katika hayo yanatibika. Miaka ya masomo iliyopotea ndiyo isiyorudi.

Ninalisikia jibu la walimu, na ni jibu la haki. Watoto sabini, themanini, katika chumba kimoja. Mkondo wa asubuhi ukitoka unaingia wa jioni. Mwalimu huyo huyo anadaiwa andalio la somo, ripoti, mitihani ya majaribio. Atamzunguka nani? Mimi simwambii mwalimu ajitolee zaidi. Idadi ni sehemu ya jambo lenyewe. Italia ilipofuta kwa sheria madarasa maalum mwaka 1977 na kuwaingiza watoto wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida, sheria hiyo hiyo iliweka ukomo wa wanafunzi 20 katika darasa linalompokea mtoto mwenye ulemavu, na ikaleta walimu wa kusaidia. Waliyafanya mambo hayo kwa pamoja. Sisi tulianza na kuingiza, tukaahirisha yaliyobaki.

Serikali ya Rais Hussein Mwinyi imejenga skuli nyingi za ghorofa kwa lengo la kupunguza msongamano na kuondosha mikondo miwili. Nimefurahi kuziona. Wanafunzi wakipungua, mwalimu anapata pumzi. Lakini ghorofa ina swali lake. Mtoto anayetumia kigari akifika darasa la tano, na darasa la tano liko juu, nini kitatokea? Mara nyingi mzazi ataambiwa kwa upole amtafutie skuli nyingine, au kaka yake atambeba mgongoni mpaka achoke mmoja wao. Jawabu lake halihitaji bajeti: darasa lenye mtoto huyo linashushwa chini, mwaka hadi mwaka, linamfuata yeye badala ya yeye kulifuata. Mwalimu mkuu anaweza kulifanya kwa kalamu siku ya kupanga vyumba. Choo nacho kitazamwe, mlango wake unapitisha kigari au haupitishi, kwa sababu mtoto asiyeweza kwenda haja skuli hanywi maji tangu alfajiri, na hatimaye haji.

Jambo jingine lililo mikononi mwa mwalimu mkuu ni nani anafundisha darasa la kwanza. Katika skuli nyingi nilizozijua, walimu hodari wanapelekwa kwenye madarasa ya mtihani, na la kwanza anapewa mwalimu mgeni au anayekaribia kustaafu. Skuli inapimwa kwa matokeo ya darasa la sita, kwa wangapi wamechaguliwa kwenda skuli za michepuo na za vipawa maalum, na kila mtu anakimbilia huko. Ningekuwa na amri moja tu Fumba, ningeyageuza: mwalimu bora kabisa na mwalimu wa pili wa kumsaidia wakae darasa la kwanza na la pili, miaka mitatu mfululizo, ndipo tuyatazame matokeo ya darasa la sita.

Kuhusu bakora nitakuwa mfupi. Wazee wetu wamesema samaki mkunje angali mbichi, na watu wameifanya kauli hiyo kuwa ruhusa ya kuchapa. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono wa taratibu, ukimpiga anapondeka. Mtoto mwenye ulemavu wa akili akichapwa kwa kutojibu hajui amekosa nini, na mtoto mwenye kigugumizi akiogopa fimbo atanyamaza mpaka amalize skuli. Zipo skuli za Zanzibar zilizojaribu nidhamu mbadala na zikaendelea kuwa na utulivu. Darasa lenye fimbo haliwezi kuitwa jumuishi, liwe limewapokea watoto wangapi wenye ulemavu.

Na lugha. Sera ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema: kumtayarisha mtoto kwa sekondari. Lakini mtoto wa Bweleo, ambaye hajawahi kuisikia lugha hiyo nyumbani wala pwani, alifikishwa mahali ambapo somo la mmea analolijua kwa macho na mikono linamgeukia ukuta. Anaona, anasikia, na bado yuko nje ya somo, kama vile mtoto kiziwi asiye na mwalimu wa lugha ya alama. Mtoto wa mji mpya anaivuka hatua hiyo kwa sababu amelelewa nayo. Ndiyo maana nasema ujumuishi hauishii kwenye ulemavu. Kiingereza kifundishwe vizuri, kama lugha, na walimu wanaokijua. Sayansi ifahamike kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaotea ndoto.

Narudi kwa wenye nyumba mpya na wajenzi wao. Mji mpya umeileta barabara, umeme na kazi, na umeipandisha thamani ardhi ya rasi nzima. Basi sehemu ya faida hiyo iende kwenye skuli za serikali za Fumba, Bweleo na Dimani, na isiishie kwenye rangi ya ukuta wenye nembo ya mfadhili. Ilipe walimu wa pili wa darasa la kwanza, mafunzo ya lugha ya alama na nukta nundu kwa walimu walio kazini, na muuguzi wa kupima macho na masikio kila mwanzo wa mwaka. Na wazazi wa pande zote mbili wakutane katika kamati ya skuli, kwa sababu watoto hao watakuja kufanya kazi pamoja, wataoana, watauziana samaki na kukodishana nyumba.

Wapo pia watoto ambao hawamo hata katika hesabu ya walioachwa nyuma, kwa kuwa hawajawahi kufika skuli. Wako vyumba vya ndani. Mama anaona haya, au ameambiwa mtoto amechezewa na mashetani, au alikwenda skuli mara moja akajibiwa kwamba "hapa hatuna mwalimu wa watoto kama hawa" na hakurudi. Baba na mama hao hawahitaji kukemewa. Wanahitaji mtu awafuate. Sheha anazijua nyumba zote za shehia yake, anajua nani amezaa na nani amehamia. Kabla ya uandikishaji, ambao huanza miezi ya mwisho ya mwaka, sheha na mwalimu wa darasa la kwanza wazunguke pamoja. Wasiulize tu "una mtoto wa kwenda skuli?", maana mzazi aliyekwisha kukata tamaa atajibu hana. Waulize watoto wangapi wanalala nyumba hii, na huyu ambaye hatujamwona anapenda kufanya nini. Jina lake liandikwe kwenye daftari lile lile, katika mstari unaofuata jina la jirani yake, na siku skuli ikifunguliwa Januari, mwalimu awe tayari anajua atamkalisha wapi na nani atakaa naye.